Pua ya Hieronim

Lipowiec, Juni 29, 1858

Nimefika, na mikono yangu haijaacha kutetemeka tangu asubuhi. Si hofu. Ni furaha, na kidogo ni gari la farasi lililonitikisa mifupa yote njiani.

Barua ya Hrabia, bwana mkubwa mwenye nyumba na mashamba ya Lipowiec, iliandikwa kwa baba: "Kwa Bwana Drozd, mchoraji." Baba aliisoma, akavitazama vidole vyake ambavyo siku hizi havifikishi kijiko cha supu mdomoni bila kumwaga, kisha akanisukumia barua. "Nenda wewe, Apolonia. Mwaka wa tano huu picha unachora wewe, jina naweka mimi. Hii kaweke lako."

Jina langu! Njia nzima nimekuwa nikiliandika kwa kidole juu ya goti.

Hrabia Onufry Horzelski alinipokea ukumbini akiwa amesimama, mikono nyuma. Ni mtu mrefu wa miaka hamsini, mkavu, na pua ya ukoo wao imenyooka kama rula. Kuta zote zimejaa mababu, na kila babu anayo pua hiyohiyo.

"Niliita mchoraji," akasema. "Wameniletea binti yake."

"Wamekuletea mchoraji, Bwana Hrabia."

Nilisema hivyo mimi! Nikatamani sakafu ipasuke. Lakini kikongwe mmoja aliyekaa dirishani akaangua kicheko. "Onufry, huyu ana mdomo. Mwache akae." Ndiye Bibi Kunegunda, shangazi yao, miaka themanini na mitatu.

Masharti ni haya. Nimchore marehemu Hieronim, mdogo wake Hrabia, mshairi. Picha ifunuliwe Agosti 15, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, wavunaji wakishamaliza kazi. Ukoo ukiridhika, nitaweka jina langu na picha itatundikwa pamoja na mababu. Usiporidhika, itakunjwa ipelekwe darini, nami nitarudi nyumbani kuchora malaika wa makanisani chini ya jina la baba mpaka nizeeke.

Hieronim aliondoka nyumba hii miaka kumi na tisa iliyopita na hakukanyaga tena. Alifia mjini mwaka jana, majira ya baridi. Mashairi yake yalichapishwa baada ya kufa, na sasa nusu ya nchi inayajua, mimi nayajua yote kwa ghibu, na wageni wanakuja getini kuulizia chumba alichozaliwa. Ndipo ukoo ukakumbuka kwamba una mshairi. Lakini hakuna picha yake popote duniani, hata mchoro wa penseli. Nisipomchora mimi, na nisipomchora sawasawa, uso wake umekwisha.

Juni 30

Kumbe upo uso! Petronela, mtunza nyumba, mwanamke mnene mwenye funguo arobaini kiunoni, amenifungulia kabati la vinyago. Katika nyumba hii, kila afaye hufinyangiwa uso kwa plasta kabla hajazikwa. Vimepangwa kwenye rafu kwa zamu ya kufa. Amenitolea cha mwisho.

"Huyu ndiye Bwana Hieronim. Mshike taratibu, mwanangu."

Nilimshika kama yai. Macho yamefumba, paji pana, pua imenyooka. Nilimsalimia kwa sauti, Petronela akafanya ishara ya msalaba.

Julai 2

Joto. Turubai imeshakauka. Matango na mtindi.

Julai 6

Kwa kuwa plasta haina rangi wala nyama, nimeomba ukoo unikopeshe vilivyo hai. Jamani, vita! Kila mmoja anataka awemo. Binamu mmoja amesafiri siku mbili kuja kunikopesha masikio. Mwingine amekaa saa tatu akikunja nyusi, ananiambia, "Wote walisema nyusi zetu ni moja." Mke wake akamjibu, "Waliosema hivyo walikuwa wanataka kukuazima farasi."

Bibi Kunegunda amekopesha rangi ya macho, bluu iliyochujuka. Mtu pekee aliyekataa ni Hrabia mwenyewe, na yeye ndiye ndugu wa tumbo moja. "Mimi sikai," akasema. "Tumia kinyago. Na pua iwe imenyooka."

Niliudhika. Nani kasema itapinda?

Julai 11, Jumapili

Baada ya misa Hrabia alikuja kukagua. Alisimama mbele ya turubai muda mrefu, mikono nyuma, kama kawaida yake. Nikamuonyesha joho la mababu, jekundu, na ule mshipi mpana wa hariri wenye nyuzi za dhahabu, maana wameagiza Hieronim avishwe kama waungwana wote wa ukutani. Nimeufurahia mshipi ule kupita kiasi, nimechora hadi uzi uliochomoka.

"Vizuri," akasema. "Pua hiyo iache hivyohivyo."

Mtu baridi. Ndugu yake mzima, na kinachomkera ni pua.

Julai 14

Wameanza kuvuna. Mundu unasikika mpaka huku chumbani.

Julai 18, Jumapili

Amekuja tena. "Imenyooka. Vizuri." Akaondoka.

Julai 20

Leo nimewaita wote waone uso kabla sijafika kwenye mikono. Nilipovuta kitambaa, kilio! Yule binamu wa masikio akasema, "Ndiye! Ndiye kabisa!" Mke wa yule wa nyusi akapiga magoti. Bibi Kunegunda akanyoosha mkono, akaugusa ukingo wa turubai, machozi yakimtiririka. "Mwanangu. Umenirudishia."

Hrabia peke yake alibaki mlangoni, hakusogea.

Nimekula keki ya mbegu za poppy vipande vinne. Nimemwandikia baba. Nimelijaribu jina langu kwenye karatasi mara thelathini, nikachagua la herufi ndogo za kujishusha, kisha nikachagua kubwa.

Julai 24

Mvua. Hakuna mwanga wa kuchora. Hrabia yuko ukumbini anatembea kwenda na kurudi kwa ajili ya ngano iliyolala mashambani.

Julai 27

Mvua bado. Nimeamua kutumia siku hii mbovu kutafuta jambo moja dogo: masharubu. Kinyago hakina, na ndugu zake kila mtu anayo masharubu yake kichwani. Mmoja anasema alikuwa nayo, mwingine hapana. Petronela akaniambia, "Kamuulize Fajwel kinyozi, mjini. Walisema alikuwa akinyolewa kwake." Kesho naenda.

Julai 28

Mungu wangu. Sijui nianzie wapi.

Duka la Fajwel liko sokoni, mlango mwembamba, kiti kimoja, kioo kimoja kikubwa, na Fajwel mwenyewe, mzee mfupi mwenye yamulka, kile kikofia cha Kiyahudi, ya mahameli iliyopauka, anayesema mfululizo kama mtu aliyelipiwa kwa neno. Nilikuwa nimemchukulia kinyago, nimekifunga kwenye shali, ili anionyeshe masharubu yalipoishia. Nikakifungua juu ya meza, kati ya mabrashi.

Akakitazama. Akakigeuza polepole kuelekea mwanga wa mlango. Nikadhani ni huzuni.

"Huyu nani?" akauliza.

"Ni Bwana Hieronim!"

"Dada, wembe wangu umepita kwenye uso wa Hieronim kila Ijumaa asubuhi kwa miaka kumi na minane. Huyu bwana sijawahi kumnyoa. Tena angekuwa rahisi, tazama, barabara tupu."

"Lakini hiki ndicho kinyago chake. Kilifinyangwa alipokufa."

"Nani alikifinyanga?"

Sikuwahi kuuliza.

"Nitakwambia nani alikuwepo," akasema Fajwel. "Mimi, padri, na mwenye nyumba aliyetaka chumba chake. Ilikuwa homa ya matumbo, wakamzika kesho yake kwa kuogopa ugonjwa. Plasta! Hata shuka safi nilileta mimi."

Nikakaa kwenye kiti chake cha kunyolea.

Niliporudi nilimkimbilia Petronela jikoni, akiwa anachuja juisi ya cheri. "Petronela, ulijuaje kuwa kinyago hiki ni chake?"

Akanishangaa. "Kilikuwa cha mwisho kwenye rafu."

"Na?"

"Na aliyekufa mwisho ni yeye. Kwani nani amewahi kufa katika ukoo huu bila kufinyangiwa uso?" Halafu akaona uso wangu. Kijiko kikamwanguka. Tukaenda kabatini pamoja, tukahesabu vinyago na makaburi, tukahesabu tena. Cha mwisho ni cha marehemu babu yao, aliyekufa mwaka 1831. Kwa Hieronim hakuna. Hakuna hata mmoja wao aliyekwenda, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba asipokwenda mtu, kinyago hakijifinyangi chenyewe.

Nimechora babu. Nimemvisha babu joho, na ukoo mzima umemlilia!

Julai 29

Nilidhani nitalia siku nzima. Badala yake nimeamka karibu nicheke. Kwa sababu yupo mtu anayeujua uso wa Hieronim kuliko mama aliyemzaa, na anaujua kwa vidole.

Julai 30

Fajwel amenikalisha kwenye kiti chake, akanifunga kitambaa shingoni, akasimama nyuma yangu, akafumba macho. Akaninyoa kwa kidole kikavu.

"Hapa shavu linabonyea, inabidi uvute ngozi. Hapa chini ya kidevu pana kovu la punje ya mchele, ukilisahau unamkata. Hapa mdomo umepanda upande mmoja, maana alikuwa akicheka kabla hujamaliza kumwambia kisa. Masharubu hakuwa nayo, alisema yanakunywa supu yake."

Kila alipogusa, nilitia alama ya mkaa usoni mwangu. Niliuhisi uso wa mtu mwingine unapanda juu ya wangu.

Kisha akaweka dole gumba kwenye pua yangu, akaisukuma pembeni. "Na hii ilivunjika hapa. Ikapinda hivi."

"Ilivunjika?"

"Siku alipotoka kwao. Alikuja mchana, kitambaa kimelowa damu, akaniambia kaanguka kutoka juu ya farasi. Mimi ndiye niliyeinyoosha, nikiwa nyuma ya kiti hivihivi. Vibaya, nakiri. Nilikuwa kinyozi, nilijua ndevu tu, pua zilikuwa mtihani."

"Alianguka kweli?"

Fajwel akafungua macho. "Dada, nimenyoa walioanguka na nimenyoa waliopigwa. Farasi hana vifundo vya vidole."

Nilirudi kwenye gari nikiwa na mkaa uso mzima. Wavunaji walinicheka barabara nzima, nami nikawapungia mkono.

Agosti 1, Jumapili

Nimempa Bibi Kunegunda ukweli wote, maana siwezi kuubeba peke yangu. Alisikiliza akivunja vitawi vya mnanaa.

"Kwa hiyo niliyemlilia ni baba yangu mzazi."

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe."

"Ndiyo maana nilihisi naogopa kuchelewa kula." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha nikamwambia kuhusu pua, na kicheko kikakatika. "Nani mwingine umemwambia hilo?"

"Hakuna."

"Ilikuwa siku ya jina langu, sikukuu ya mtakatifu wangu, watu wamejaa mezani. Hieronim alisimama kusoma shairi la pongezi, akasoma jingine, la mabwana wanaochapa watu wao mashambani kisha wanakwenda kupokea komunyo. Basi." Hakuendelea. Nikamuuliza ni nani aliyempiga. Akatikisa kichwa. "Chora, binti. Ukiwa na ujasiri wa kuchora, chora. Lakini Onufry hataitaka pua hiyo ukutani."

Hrabia alipokuja kukagua nilimwambia nimepaka vanishi na chumba kimefungwa mpaka sikukuu. Alisimama tu nje ya mlango. "Hukuigusa pua?" Mara ya nne! Nikasema, "Nakamilisha, Bwana Hrabia." Si uongo. Lakini sauti yake kwa mara ya kwanza haikuwa ya amri. Ilikuwa ya mtu anayeomba, na hilo limenisumbua kuliko amri.

Agosti 3

Nimemkwangua babu. Samahani, babu.

Agosti 5

Nimejichora mkaa upya kama Fajwel alivyonigusa, nimekaa mbele ya kioo cha chumba changu, naangalia kioo, napaka, naangalia, napaka. Sijawahi kufanya kazi hivi. Nasahau kula, Petronela ananiwekea mkate mlangoni na kugonga.

Agosti 8

Mdomo umepanda upande. Ghafla akawa mtu anayetaka kuniambia kitu. Nimepiga kelele, nikaruka peke yangu chumbani kama mbuzi.

Agosti 10

Jua. Ngano imekauka, imeokolewa. Hrabia ameshinda shambani tangu alfajiri, kavua koti, anapakia miganda pamoja na wavunaji. Nimemtazama kutoka dirishani. Wanamheshimu, na Petronela anasema kwa miaka kumi na tisa hajanyanyua mkono juu ya mtu wala mnyama. Sikuuliza kwa nini amehesabu miaka hiyo.

Agosti 12

Fajwel ameingizwa kwa mlango wa jikoni. Alivua kofia ya juu, akabaki na yamulka, akamtazama Hieronim kwenye turubai. Fajwel, kukosa neno!

"Ndiye," akasema mwishowe. "Hivyo ndivyo nilivyokuwa namwona kila Ijumaa. Hilo joho tu. Alikuwa na koti la kahawia lisilo na kifungo cha pili."

"Joho ni lao," nikamwambia. "Uso ni wake."

Agosti 14

Kesho. Naweza bado kuinyoosha ile pua. Mapigo matano ya brashi, na jina langu liko ukutani maisha. Nimeshika brashi. Nimeiweka chini. Kama ni kurudi kwa malaika, nitarudi.

Agosti 15

Asubuhi misa, kanisa limejaa mafungu ya mimea ya kubarikiwa, mnanaa, masuke, maua ya poppy, harufu mpaka kichwa kinazunguka. Mchana wavunaji walikuja uani wakiimba, na msichana aliyeongoza mavuno akamvika Hrabia taji la masuke. Alilivaa kwa utulivu, kubwa, limemfika nyusi. Picha ilikuwa imesimamishwa barazani, imefunikwa shuka. Ukoo mbele, majirani nyuma yao, wavunaji uani, na Fajwel kando ya kisima. Bibi Kunegunda alinishika mkono, sijui nani alikuwa akimtuliza mwenzake.

Nilivuta shuka.

Sikusikia kilio. Nilisikia nzi. Yule binamu wa masikio akasema, "Huyu ni nani?" Mke wa yule wa nyusi: "Pua hiyo si ya kwetu!" Na mwingine: "Picha ya kwanza ilikuwa yeye, hii ni ya mtu wa barabarani. Onufry, mwambie!"

Nikasema, na sauti yangu ilikuwa nyembamba lakini ilitoka, "Ya kwanza ilikuwa babu yenu. Kinyago cha Hieronim hakipo, kwa sababu alipokufa hakuna aliyekwenda. Huyu ndiye Hieronim."

Kelele zikaanza. Hrabia akainua mkono wake wa kulia, zikakoma. Akapanda ngazi za baraza. Alisimama mbele ya picha, karibu sana, taji bado kichwani. Nilijua anakuja kuing'oa. Nilijiandaa.

"Umekosea," akasema.

"Sikukosea, Bwana Hrabia. Ilivunjika. Yupo aliyeiona."

"Ilivunjika, najua." Hakugeuka, lakini alisema kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia. "Umekosea upande. Hapa imepindia kushoto kwake. Ilipindia kulia kwake. Nilimpiga mimi, kwa mkono huu."

Nami, Mungu anisamehe, nilichofikiri kwanza ni kioo! Nilijichora kwenye kioo, na kioo hugeuza, kosa ambalo baba angenipigia kofi nikiwa na miaka kumi na miwili. Nikamtazama Fajwel kisimani, amejishika kichwa kwa mikono miwili, amekwishaelewa. Yeye husimama nyuma ya kiti. Miaka kumi na minane alimwona Hieronim kwenye kioo cha dukani, amegeuka kama nilivyomchora. Katika watu wote waliokuwa uani, mmoja tu ndiye aliyekuwa bado akiiona akilini pua ile iliyovunjika, uso kwa uso.

"Rangi unazo?" Hrabia akaniuliza.

Petronela alikwishakimbia kuzileta. Kovu na mdomo navyo viligeuka, vitangoja mpaka kesho. Lakini pua niliirekebisha palepale, mbele ya watu wote, kwa brashi ndogo, mkono wangu ukiwa imara kuliko siku zote za maisha yangu. Hrabia alisimama begani kwangu akinielekeza, polepole.

"Zaidi. Kidogo tena. Si hapo, chini. Damu ilianzia chini."

Nikasogeza.

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo nilipomwacha."

Alilia mbele ya wavunaji wake, akiwa na taji la masuke kichwani, na Bibi Kunegunda akaenda kumvua taji ili apate kujifuta uso.

Agosti 16

Mdomo na kovu vimekaa mahali pake. Hrabia amekuja asubuhi na mapema, akaninyooshea brashi yeye mwenyewe. "Jina lako," akasema. "Kubwa."

Nimeliandika. Apolonia Drozd.

Kisha akaagiza gari, akaenda mjini bila kula. Petronela alikwenda sokoni saa sita na kurudi na habari: amekaa kwenye kiti cha Fajwel tangu asubuhi, ndevu zilikwisha kunyolewa zamani, na bado anamwambia, "Endelea. Halafu akasema nini?"